Siku Moja Katika Vijiji Vinne vya Derbyshire

Wapenzi wasomaji, kabla ya kuwapeleka Uingereza twataka kuwaeleza neno moja la kwetu. Mzee mmoja wa kapela yetu alitujia siku moja baada ya Misa, akatuomba tumtafutie katika vitabu jina la mama yake: alibatizwa mwaka gani, alikufa lini, alizikwa wapi. Tulifungua sanduku la vitabu vya zamani. Kumbe, mchwa walikuwa wamekwisha kuingia! Kitabu cha wafu kilibaki jalada tu, na ndani yake udongo. Mzee alitazama, akanyamaza, akaenda zake. Hatukuwa na neno la kumjibu.

Huzuni ile ilikuwa bado moyoni mwetu tulipopelekwa Ulaya kwa masomo mafupi ya makatekista. Masomo yalipokwisha tulialikwa Uingereza kwa siku chache. Padri aliyetupokea alituuliza: «Mwataka kuona nini? London na majumba ya wafalme?» Tulimjibu: «Padri, sisi ni watu wa vijiji. Utuonyeshe vijiji.» Akacheka, akasema: «Vema. Kesho saa mbili asubuhi muwe tayari.»

Basi, kesho yake, siku ya mwezi wa saba, tuliondoka mji wa Buxton kwa motokari. Tulikuwa watatu pamoja na Padri. Mkoa wa Derbyshire uko karibu na katikati ya Uingereza. Upande wake wa kaskazini ni nchi ya milima iitwayo Peak. Mwaka 1951 serikali iliifanya kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Uingereza nzima. Tunasema milima, lakini mtu wa Kivu angecheka: mlima wake ulio mrefu kupita yote, Kinder Scout, una meta 636 tu. Mashamba yamezungukwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, jiwe juu ya jiwe, nazo zimesimama miaka mingi. Ndani ya kuta ni majani mabichi na kondoo. Chini ya ardhi mna madini ya risasi, yale mazito yaliyotumiwa zamani kwa kuezekea makanisa na kwa mabomba ya maji. Warumi wa kale waliyachimba, na Waingereza baada yao kwa mamia ya miaka.

1. Tideswell: askofu na shule yake

Kijiji cha kwanza kilikuwa Tideswell. Tuliona kanisa kabla ya kuona nyumba, kwa maana mnara wake hupita mapaa yote. Ni kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, lililojengwa katika karne ya 14. Watu huliita «kanisa kuu la Peak», ingawa halikuwa kamwe kiti cha askofu. Tulishangaa: watu wa kijiji walipata wapi mali ya kujenga nyumba kubwa namna ile? Padri alitueleza kwamba mali ilitoka katika sufu ya kondoo na katika madini ya risasi. Tena Tideswell ilikuwa na soko lake, kwa ruhusa ya mfalme, tangu mwaka 1251. Katika karne ile ya kujenga, tauni kuu ilipita Uingereza miaka ya 1348 na 1349, ikaua watu wengi mno. Hata hivyo kanisa lilimalizwa.

Ndani ya kanisa, karibu na altare, kuna kaburi lenye bamba la shaba. Juu ya bamba imechorwa sanamu ya askofu amevaa mavazi yake yote, kofia ya kiaskofu kichwani na fimbo ya uchungaji. Ndiye Robert Pursglove, mtoto wa Tideswell, aliyekufa mwaka 1579. Habari zake zafaa kusimuliwa kwa kweli, bila kuongeza wala kupunguza.

Pursglove alifanywa mkuu wa monasteri ya Guisborough baada ya mfalme Henry wa 8 kuachana na Papa mwaka 1534. Miaka michache baadaye mfalme aliamuru monasteri zote zifungwe, apate mali yake. Je, Pursglove alikataa? La, hakukataa. Aliitoa monasteri yake, akapokea malipo ya kila mwaka, tena alisaidia kuwashawishi wakuu wengine watoe za kwao. Naye alikuwa amekwisha kupewa uaskofu msaidizi wa Hull. Lakini mwaka 1559, chini ya Malkia Elizabeth wa kwanza, aliagizwa kuapa kwamba malkia ndiye mtawala mkuu wa Kanisa la Uingereza. Safari hii alikataa. Akanyang'anywa cheo chake, akaishi kama mtu wa kawaida.

Mtu huyu aliyeanguka mara ya kwanza na kusimama mara ya pili aliacha kitu kimoja kwa kijiji chake: shule. Karibu na mwaka 1560 alianzisha shule pale Tideswell kwa watoto wa wenyeji. Akaja mwalimu jina lake Nicholas Garlick, akafundisha kadiri ya miaka saba. Hakuacha jengo lolote lenye jina lake, wala bamba la shaba. Aliacha wanafunzi. Mmoja wao, Christopher Buxton, alifuata nyayo za mwalimu wake mpaka upadri na mpaka kifo: aliuawa Canterbury mwaka 1588, naye Kanisa limemtangaza mwenye heri mwaka 1929.

Tuliketi kidogo katika viti vya nyuma. Sisi nasi ni walimu wa kijiji. Twajua ilivyo kufundisha watoto kumi na tano chini ya paa linalovuja, bila kujua mbegu itaangukia wapi. Padri alitugusa bega: «Twendeni. Mkitaka kujua mwalimu Garlick aliishia wapi, tusikae hapa.»

2. Padley: chumba cha juu ya lango

Tulishuka kwa barabara ya kupindapinda mpaka bonde la mto Derwent, karibu na kijiji cha Grindleford. Pale, nyuma ya reli, kuna kitongoji kiitwacho Padley. Kwanza hatukuona kitu. Kisha tukaona misingi ya mawe katika majani, kama mifupa ya nyumba kubwa, na kando yake jengo moja zima la mawe, lenye njia ya kupita chini na chumba juu. Hilo lilikuwa lango la jumba la Padley.

Jumba lilikuwa mali ya ukoo wa Fitzherbert, wakatoliki walioshika dini yao. Tukumbuke sheria ya siku zile. Mwaka 1585 bunge la Uingereza lilitoa amri: padri Mwingereza aliyepewa upadri ng'ambo tangu utawala wa Elizabeth kuanza, akionekana nchini, ahesabiwe mhaini, na mtu anayemkaribisha naye astahili kifo. Kwa sababu ndani ya Uingereza haikuwezekana tena kuwafundisha mapadri, William Allen alikuwa amefungua seminari mwaka 1568 katika mji wa Douai. Siku zile Douai ilikuwa katika nchi za Flandria zilizotawaliwa na mfalme wa Hispania. Leo ni mji wa Ufaransa. Kutoka mwaka 1578 seminari ilihamia Reims kwa miaka kadhaa. Huko ndiko mwalimu Garlick alikokwenda mwaka 1581, akapewa upadri mwaka 1582, akarudi kwao kwa siri. Alikamatwa, akafukuzwa nchini mwaka 1585. Akarudi tena! Alijua vema kwamba mara ya pili hatafukuzwa, atauawa.

Mwaka 1588 Waingereza walikuwa na hofu kubwa. Merikebu za mfalme wa Hispania zilikuwa njiani kuja kuwapiga, na kila mkatoliki alidhaniwa kuwa rafiki ya adui. Tarehe 12 ya mwezi wa saba askari wa bwana mkubwa wa Shrewsbury walivamia Padley. Wakamkuta Padri Garlick, na pamoja naye Padri Robert Ludlam, wamefichwa nyumbani. Wakawafunga wote wawili, pamoja na mwenye nyumba, John Fitzherbert, na watu wa jamaa yake.

Katika gereza la Derby mapadri wawili walimkuta padri wa tatu, Richard Simpson. Huyu alikuwa amehukumiwa kufa, na kwa hofu alikuwa amekubali kwenda kusali pamoja na Waprotestanti ili aokoe maisha yake. Inasimuliwa kwamba kwa maneno ya wenzake wawili alitubu, akakataa tena. Tarehe 24 ya mwezi ule ule wote watatu walinyongwa penye daraja la Mtakatifu Maria mjini Derby, na miili yao ikakatwa vipande, kama sheria ya wahaini ilivyotaka. John Fitzherbert alikufia gerezani. Papa Yohane Paulo wa 2 aliwatangaza mapadri hao watatu wenye heri mwaka 1987.

Je, jumba likawaje? Likabomoka. Mawe yake yalichukuliwa, na jengo la lango likawa zizi na ghala ya majani. Kwa miaka mingi ng'ombe walilala chini ya chumba walimosomewa Misa watu wa zamani. Lakini mwisho wa karne ya 19 wakatoliki walianza kuja kuhiji kila mwaka katika mwezi wa saba, na mwaka 1933 jengo lilikuwa limekwisha kutengenezwa kuwa kanisa dogo. Tulipanda ngazi. Darini, katika miti ya zamani inayoshika paa, kuna malaika waliochongwa. Ng'ombe walipokuwa chini, malaika walikuwa juu. Tulisali makumi moja ya rozari kwa ajili ya makatekista wote, kisha tukashuka bila kusema mengi.

Njiani mmoja wetu aliuliza: «Padri, Waingereza wa leo hawaoni haya kwa habari hizi?» Padri alijibu: «Wanaona. Nasi pia tuone haya, kwa sababu chini ya Malkia Maria, kabla ya Elizabeth, wakatoliki waliwachoma moto Waprotestanti karibu 300. Sasa nitawapeleka penye kijiji cha Waprotestanti, mkaone jambo jingine.»

3. Eyam: kijiji kilichojifunga

Eyam ni mwendo mfupi tu toka Padley. Jina lake wenyeji hulitamka «Iim». Ni kijiji cha nyumba za mawe kando ya barabara moja ndefu, bustani za maua mbele ya milango. Mgeni angesema: hapa hapakutokea neno baya kamwe. Lakini mbele ya nyumba kadhaa kuna vibao, na juu ya vibao yameandikwa majina ya watu: nani alikaa hapa, na nani alikufa hapa.

Mwezi wa nane au wa tisa wa mwaka 1665 mzigo wa nguo ulitoka London kwa mshonaji wa kijiji, Alexander Hadfield. London ilikuwa katika tauni. Nguo zilikuwa na unyevu. Msaidizi wa mshonaji, George Viccars, alizitandaza karibu na moto zikauke. Katika nguo mlikuwa na viroboto. Leo twajua kwamba tauni huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, alichokitambua daktari Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894, na kwamba viroboto hukitia ndani ya mwili wa mtu. Wao hawakujua. Siku chache baadaye Viccars akafa, akazikwa tarehe 7 ya mwezi wa tisa. Wakafuata watoto wawili wa nyumba ile, kisha majirani.

Wakati wa baridi ugonjwa ulipungua. Ulipofika mwezi wa sita wa mwaka 1666, ukaamka tena kwa nguvu. Watu wakataka kukimbia. Wenye mali wengine walikuwa wamekwisha kuondoka. Mchungaji wa kijiji, William Mompesson, alikuwa kijana, mgeni, hakupendwa sana. Aliyependwa ni mtangulizi wake, Thomas Stanley, Mpuritani, aliyeondolewa kazini kwa kuwa alikataa kitabu cha sala kilichoamriwa na serikali. Wawili hao hawakupatana katika mambo ya dini. Lakini katika shida ile walikutana, wakasimama pamoja mbele ya watu, wakawaambia: Tukikimbia, tutapeleka kifo Sheffield, Bakewell na vijiji vyote. Tukae hapa.

Wakakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila jamaa wazike wafu wao wenyewe, shambani au bustanini, upesi. Pili, kanisa lifungwe, watu wasali nje katika bonde liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa wakisimama mbali na wengine. Tatu, mtu asitoke katika mipaka ya kijiji, wala mgeni asiingie. Bwana mkubwa wa Devonshire, aliyekaa katika jumba la Chatsworth, alikubali kuwapelekea chakula na dawa. Watu wa vijiji vya jirani waliacha vitu mpakani. Tulikwenda kuliona jiwe la mpaka, upande wa kijiji cha Stoney Middleton: ni jiwe kubwa lenye matundu sita. Ndani ya matundu walitia siki, na ndani ya siki fedha za kulipia vitu, ili ugonjwa usishikane na fedha. Tulitia kidole katika tundu moja. Ni laini kwa ndani.

Wasomaji wetu wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa sana. Katika miaka 2018 hadi 2020, wakati wa Ebola, nao waliambiwa wasishikane mikono na wasioshe maiti za wapenzi wao. Wanajua kwamba kuzuiwa kumzika mama kwa desturi ni maumivu makubwa kuliko njaa.

Nje ya kijiji, juu ya kilima, kuna ukuta mdogo wa mviringo katika shamba, na ndani yake mawe ya makaburi saba. Hapa Mama Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto wake sita katika siku nane za mwezi wa nane 1666. Aliwachimbia mwenyewe. Aliwaburuta mwenyewe. Yeye hakuugua. Mwezi ule ule Catherine, mke wa mchungaji Mompesson, alikufa, umri wake miaka 27. Watoto wao wawili walikuwa wamepelekwa mbali kabla mpaka haujafungwa. Mama alikataa kumwacha mume wake. Kaburi lake liko mbele ya kanisa, karibu na msalaba wa mawe wa zamani sana, uliochongwa miaka mingi kabla Wanormani hawajaingia Uingereza mwaka 1066.

Mtu wa mwisho kufa kwa tauni alikufa tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja 1666. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 260. Wataalamu wa leo hubishana: wengine husema kwamba kufungwa kwa kijiji kuliongeza vifo ndani yake, na kwamba ingefaa watawanywe mashambani. Yawezekana. Lakini hakuna anayekana jambo moja: tauni haikuenea toka Eyam katika vijiji vya jirani. Watu wale walikuwa na hofu kama sisi. Hawakujua viroboto, hawakujua dawa. Walijua tu kwamba jirani yao ana watoto kama wao.

Ndani ya kanisa kuna kitabu kilichofunguliwa chini ya kioo, na humo yameandikwa majina ya waliokufa. Tulisimama tukiyasoma, mmoja mmoja kwa sauti ndogo. Baba, mke, mtoto, mtoto, mtumishi. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, wanakijiji hufanya ibada ya kuwakumbuka katika lile bonde la Cucklet Delf. Miaka zaidi ya 350 imepita, na mtoto wa Eyam ajua jina la George Viccars. Hapo tulimkumbuka mzee wetu na lile jalada la kitabu, na udongo ndani yake.

4. Edensor: kijiji kilichohamishwa

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika Edensor, jina ambalo wenyeji hutamka «Enza». Nasi tulicheka, kwa sababu kila nyumba ina sura yake. Moja ni kama nyumba ya milima ya Uswisi, nyingine kama ngome ndogo, nyingine kama nyumba za wakati wa Henry wa 8. Hazifanani hata mbili.

Sababu yake ni hii. Ng'ambo ya mto, katika uwanda mzuri, liko jumba la Chatsworth, la ukoo ule ule wa Devonshire uliolisha Eyam. Zamani kijiji cha Edensor kilikuwa chini zaidi, nacho kilionekana toka madirisha ya jumba. Mabwana walipotengeneza bustani yao kubwa katika karne ya 18, sehemu ya kijiji ikaondolewa. Kisha bwana mkubwa wa sita wa Devonshire, kati ya mwaka 1838 na 1842, akakijenga kijiji upya nyuma ya kilima, asipate kukiona. Kazi ilisimamiwa na mtunza bustani wake mashuhuri, Joseph Paxton, yule aliyejenga baadaye nyumba kubwa ya vioo ya London mwaka 1851.

Tulijadiliana njiani. Mmoja wetu alisema: «Huyu aliwafukuza watu kama mbuzi.» Mwingine akasema: «Lakini aliwajengea nyumba imara kuliko zile za kwanza.» Yote mawili ni kweli. Nyumba mpya zilikuwa nzuri. Lakini hakuna aliyewauliza wanakijiji kama wataka kuhama. Eyam watu walikaa kwa kupenda kwao. Edensor watu walihamishwa kwa kupenda kwa mtu mwingine. Ukitazama nyumba tu, Edensor ni nzuri kuliko Eyam. Ukiuliza habari za watu, Edensor watakutajia jina la bwana na jina la fundi wake. Eyam watakutajia majina ya wanakijiji.

Hata hivyo nyuma ya kanisa la Edensor tuliona kaburi moja lililotugusa. Limeandikwa jina la Kathleen, dada yake John Kennedy aliyekuwa rais wa Marekani, wa jamaa ya wakatoliki. Mwezi wa tano 1944 aliolewa na William Cavendish, mrithi wa ukoo wa Devonshire. Miezi minne tu baadaye kijana huyo aliuawa vitani katika nchi ya Ubelgiji. Kathleen alikufa kwa ajali ya ndege katika Ufaransa mwaka 1948, akazikwa hapa na jamaa ya mume wake. Tarehe 29 ya mwezi wa sita 1963 rais mwenyewe alikuja kusimama penye kaburi la dada yake. Hakumaliza miezi mitano, naye akauawa. Wakubwa nao, wapenzi wasomaji, mwisho wao ni jiwe lenye jina na tarehe mbili.

Neno la mwisho

Jioni, katika motokari, tulimwuliza Padri: «Waingereza wamejuaje mambo haya yote? Habari za mshonaji, za mama mkulima, za mwalimu wa kijiji?» Alijibu kwamba tangu mwaka 1538 kila parokia ya Uingereza iliamriwa kuwa na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha maziko. Amri ilitolewa chini ya mfalme yule yule aliyefunga monasteri! Nao maaskofu wetu katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, waliwaagiza mapadri waandike vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Basi katika kila kijiji mtu mmoja, mchungaji au karani wake, ambaye pengine hakujua kwamba anaandika historia, alichovya kalamu katika wino, akaandika: leo amezikwa fulani.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: watu pia. Twapenda kulalamika kwamba Ulaya ina historia, nasi hatuna. Si kweli. Kwetu kuna akina mama waliozika watoto wao wakakaa wauguze watoto wa wengine. Kuna makatekista waliokaa na wakristo wao wakati wa vita, mapadri wakiwa wamekimbia au wamekufa. Kuna vijiji vilivyohamishwa kandokando ya barabara kwa amri ya wakubwa, na hakuna aliyewauliza wenyeji. Mambo ya Tideswell, ya Padley, ya Eyam na ya Edensor yote yametokea kwetu. Kilichopungua si matendo. Kilichopungua ni daftari, na sanduku ambalo mchwa hawalipenyi.

Tuliporudi nyumbani, jambo la kwanza tulilofanya ni kununua daftari nene na sanduku la bati, na kuliweka juu ya matofali manne. Jambo la pili, tulikwenda kwa yule mzee. Tulimkuta chini ya mwembe wake. Tulimwambia: «Baba, kitabu kimeliwa, lakini wewe ungalipo. Ututajie unaowakumbuka.» Alituangalia sana. Kisha akaanza polepole, akihesabu kwa vidole: aliyebatizwa pamoja na nani, aliyekufa mwaka wa njaa, aliyezikwa karibu na mto kabla mto haujahama. Giza lilituingilia tungali tunaandika. Siku ile tulipata majina 31. Jina la kwanza ni la mama yake.

Ninyi nanyi, wapenzi wasomaji, msingoje. Jumapili hii, baada ya Misa, mtafuteni mzee mmoja wa kapela yenu, mkae naye na kalamu.